Samaki Mkubwa Niliyemwachilia

Juzi asubuhi mama mmoja alipita mbele ya lango langu akiwa amebeba beseni kichwani, na ndani ya beseni kitu kilikuwa kikijipigapiga. Nilijua ni nini kabla sijakiona. Harufu ilitangulia: shombo iliyochanganyika na tope lililokaa miaka chini ya maji. Nilimuuliza ametoka wapi nacho.

"Kule machimboni," akasema bila kusimama. "Wanafukia lile shimo la mwisho wajenge ploti. Malori yanamwaga udongo, samaki wanapanda juu wenyewe. Kimbia na wewe kama unataka."

Sikukimbia. Niliketi kwenye ngazi ya mlango wangu, hapa Njiru, nikajikuta nimeinua viganja nikivinusa, mimi ambaye sijamshika kambare tangu nilipokuwa na miaka kumi. Mume wangu alitoka akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni jua. Ilikuwa saa mbili asubuhi na jua lilikuwa halijafika popote.

Nilipokuwa na miaka hiyo kumi tuliishi mtaa wa Mbotela, Nairobi, katika nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua ambalo Mama alilishona mwenyewe. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha na ndiyo iliyotuambia, tukitoka shule, kwamba Mama yupo. Baba alikuwa dereva wa lori la mawe. Alipakia Njiru, kwenye machimbo, akashusha popote palipokuwa na mjengo. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Mwende, aliyekuwa na miaka saba.

Baba hakuwa kama baba wengine wa pale. Yeye ni Mkamba wa kwao kabisa, lakini ujana wake aliumalizia pwani, akifanya kazi kwenye boti ya injini iliyokuwa ikiwapeleka wageni bahari kuu kuvua kwa starehe. Wageni walipopungua boti ikauzwa, naye akapanda basi akaja Nairobi na mke na mtoto mmoja mgongoni, yaani mimi. Aliacha bahari lakini Kiswahili chake hakukiacha. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa tunasema hiyo samaki, hiyo mtoto, hiyo kitu. Yeye anasema samaki yule, mtoto yule, kitu kile, polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Alikuwa akiapa wallahi, na Mama akamwambia, "Wewe ni Mkristo, utaapaje hivyo?" naye akacheka. Vijana wa mtaani walimwita Kapteni.

"Niaje, Kapteni! Meli imetia nanga?" walikuwa wakimwambia akiegesha lori.

"Imetia, imetia," alikuwa akijibu, na kushuka kwa maringo kidogo.

Jumamosi alimaliza kazi saa sita. Badala ya kurudi nyumbani, alikuwa anakwenda kuvua. Machimbo ya zamani pale Njiru yalikuwa yamechimbwa hadi maji yakachipuka chini, wachimbaji wakayaacha, mvua ikajaza. Yakawa mabwawa marefu yenye kuta za mawe zilizokatwa wima, maji ya kijani mazito, na hakuna aliyejua vina vyake. Kambare waliingia humo sijui kwa njia gani. Baba alisema waliletwa na miguu ya ndege, na mimi niliamini. Alikuwa na mshipi wake wa pwani, ule mnene, ameuzungusha kwenye kipande cha mti, na ndoana aliyokuwa akiinoa kwa jiwe. Chambo kilikuwa maini yaliyoanza kunuka.

Alianza kunichukua mwaka ule nilipofika darasa la nne. Nakumbuka mara ya kwanza alipompata mmoja. Mshipi ulikaza ukakata maji kwa sauti kama ya nguo inayochanwa, Baba akasimama, akawa analegeza na kuvuta, analegeza na kuvuta, na mwishowe kikaja juu kichwa bapa chenye sharubu, na nyuma yake mwili mweusi mrefu kuliko mkono wake. Niliruka nikapiga makofi. Nyumbani tulikuwa tumekula mboga za sukuma wiki nzima. Niliona sufuria. Niliona Mama akicheka.

Baba alimtoa ndoana taratibu, akampima kwa mkono wake, kutoka kwenye kidole cha kati hadi kupita bega, akaguna kwa kuridhika. Kisha akapiga magoti kwenye jiwe, akamshika majini kwa mikono miwili, akamngoja apumue. Mashavu ya samaki yakafunguka, yakafunga. Akafungua mikono.

"Baba! Mbona umemwachilia?"

"Acha aende zake," akasema, akanawa mikono.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi. Anavua, anampima, anamwachilia. Hakuwahi kunieleza zaidi ya hapo, na mimi niliacha kuuliza. Mtoto asipoelezwa jambo hutengeneza maelezo yake. Yangu yalikuja baadaye kidogo, na nilichukua vipande vyake kutoka mdomoni mwa Baba mwenyewe.

Mwende alizaliwa na tundu kwenye moyo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto, na mimi nililiona tundu hilo kama tundu la soksi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na kucha zake pia. Akitembea kutoka mlangoni hadi bombani, alikuwa anasimama katikati ya njia na kuchuchumaa, magoti kifuani, hadi pumzi imrudie. Watoto wengine walidhani anatafuta kitu chini, wakawa wanachuchumaa naye wamsaidie kutafuta. Naye hakuwaambia. Aliokota kijiwe au kifuniko cha soda, akakiinua na kusema, "Nimepata." Alikuwa na daftari kliniki, alikuwa na jina lake kwenye orodha ya wanaongoja kupasuliwa, na Mama alikuwa akimpeleka na kumrudisha, akimpeleka na kumrudisha. Mwaka ule alipungua mwili. Aliacha shule. Mama alimtandikia godoro dogo kando ya cherehani barazani ili amwone akishona.

Jioni Baba alikuwa akimsimulia habari za bahari. Simulizi aliyoipenda Mwende kuliko zote ilikuwa ya samaki aitwaye chewa. Baba ameisimulia mara nyingi hata mimi naweza kuisema yote.

Walikuwa mbali, alisema, mahali ambapo nchi kavu haionekani. Mgeni mmoja mzee alikuwa ameteremsha mshipi chini kabisa, kina ambacho jua halifiki, na kitu kikashika. Walimvuta kwa zamu. Alipopanda juu alikuwa chewa, mnene kama gunia la viazi, na mdomo ambao Mwende angeingia akaketi.

"Ilikuwa kubwa kuliko mimi?" Mwende alikuwa akiuliza.

"Wewe na dada yako na cherehani ya mama yenu."

Mgeni akasema, hapana, huyu ni mzee sana, mwachilieni. Wakamwachilia. Lakini chewa hakuzama. Samaki wa kina, Baba alieleza, akivutwa juu haraka tumbo hujaa hewa likawa kama mpira, macho yakamtoka. Anataka kwenda chini hawezi. Anaelea tu, amelala ubavu, na ndege wanamzunguka.

"Sasa mkafanya?"

"Nikachukua kreti ya soda, nikaifunga kamba na machubwi yote tuliyokuwa nayo, yale mazito ya kuzamishia mshipi. Nikaingia majini mimi mwenyewe. Nikamfunika chewa kwa ile kreti imepinduliwa, kama kofia. Halafu tukamteremsha polepole. Polepole, wallahi, pima kwa pima. Kadiri anavyoshuka tumbo linarudi. Kamba ikafika mwisho, nikahisi ametikisika, mara moja, mara mbili, kamba ikawa nyepesi. Amekwenda."

"Alifika?"

"Alifika."

Na hapo, kila mara, Baba alikuwa akimalizia kwa kunishika sikio. "Na nikafika ufukoni jioni ile ninakuta mtu ananingoja, ananiambia, kimbia nyumbani, mkeo alikuwa hali mbaya tangu asubuhi, tulidhani tunawapoteza wote wawili. Na sasa hivi amejifungua salama. Mtoto wa kike. Ndiye huyu!"

Mwende alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeelewa. Mbona mambo yalikuwa wazi namna ile na hakuna aliyekuwa akiyasema? Baba alimwachilia samaki mkubwa, nasi tukaachiliwa, Mama na mimi. Ndiyo maana anakwenda machimboni kila Jumamosi. Ndiyo maana hatuli hata mmoja. Alikuwa anamtafutia Mwende uzima.

Tangu hapo sikwenda tena Njiru kama mtoto anayekwenda kucheza. Nilikwenda kazini. Baba akimtoa samaki ndoana nilimwomba nimwachilie mimi. Nilipiga magoti kwenye jiwe lile, nikamshika kambare nyuma ya kichwa mahali pasipo na miiba, nikainamia maji na kunong'ona, "Mwende." Kisha nikafungua mikono. Baba alidhani ninaogopa kuteleza, akanishika kola ya gauni. Nikirudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kuangalia midomo ya mdogo wangu. Na kuna siku, nakuapia, ilikuwa na wekundu. Kuna Jumamosi moja tuliwaachilia watatu, na Jumatatu yake Mwende alitembea hadi bombani na kurudi bila kuchuchumaa. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilinyamaza na siri yangu, nikijiona mtu mkubwa.

Kisha Ijumaa moja Mwende alimwambia Baba, "Nataka samaki."

Tulikuwa tunakula. Yeye hakuwa akila; siku zile alikuwa akigusa tu.

"Samaki gani, mama?" Baba alizoea kumwita mama.

"Ile kubwa. Ile kubwa kabisa ya huko mnaendanga."

Mama aliacha kijiko. Ilikuwa muda mrefu mtoto yule hajaomba chakula chochote.

"Basi nikimpata nitakuletea," Baba akasema.

"Mkimpata mnarudi?"

"Tunarudi naye."

"Saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo. Hata lori litaruka."

Nilimtazama Baba nikingoja acheke, au anikonyeze, aonyeshe kwamba anasema tu kumridhisha. Hakunitazama.

Jumamosi ile palikuwa na wingu jepesi na maji yalikuwa yametulia. Tulikaa muda mfupi tu. Hata maini hatujayamaliza, mshipi ukavutwa kwa nguvu hata kile kipande cha mti kikamponyoka Baba kikagonga mwamba. Alikidaka. Sijamwona Baba yangu akihangaika vile, si kabla wala baada. Alikuwa akizungumza na samaki, akimbembeleza, akimtukana kwa Kikamba, na jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu. Wanawake waliokuwa wakiponda kokoto juu ya ukingo waliacha nyundo wakaja kutazama. Na samaki alipotoka, kila mtu alipiga kelele. Alikuwa mrefu kama mimi, au ndivyo ninavyomkumbuka. Kichwa chake kilikuwa kipana kama sahani, na mgongo wake ulikuwa na makovu ya zamani.

Baba hakumpima. Alikaa kitako kwenye matope, akashika uso wake kwa mikono yote miwili, akasema, "Huyu wa Mwende. Huyu wa Mwende."

Pale chini palikuwa na kidimbwi kidogo kilichotengwa na bwawa kwa mawe. Alimweka humo ili asife kabla hatujafika, akapanga mawe manne makubwa kuziba mlango wake. "Mwangalie," akaniambia. "Nakwenda kuchukua gunia kwenye lori." Akaondoka mbio akipanda ukingo. Wale wanawake nao wakarudi kwenye nyundo zao.

Nikabaki na samaki.

Alikuwa ametulia, sharubu zinacheza. Nilijua ni huyu. Wale wengine wote walikuwa wadogo, walileta siku moja ya midomo myekundu, siku mbili. Huyu alikuwa mkubwa kama chewa. Huyu angeziba tundu lote. Na Baba, kwa sababu ya huruma, kwa sababu Mwende ameomba kama mtoto anavyoomba bila kujua, alikuwa anataka kumpeleka kwenye sufuria. Nilielewa kwamba watu wazima huchoka, na kwamba Baba amechoka, na kwamba sasa ni zamu yangu.

Niliondoa jiwe la kwanza. La pili lilikuwa zito, nikalisukuma kwa miguu. Nikaingia majini na gauni, nikamshika samaki kwa kifua changu, nikamwelekeza mlangoni. Nikamwambia jina la mdogo wangu, mara tatu. Hakuharakisha. Alipita taratibu kando ya goti langu, mwili wake wote, ikachukua muda, kisha maji ya kijani yakamfunika.

Baba aliporudi na gunia alinikuta nimesimama, nimelowa hadi kifuani.

"Ameteleza," nikasema. "Nilitaka kumshika akateleza."

Alitazama maji. Akatazama mawe. Akanitazama mimi. Nilitaka anipige, ingekuwa rahisi. Alisema tu, "Basi," akaketi, akatia maini mapya kwenye ndoana.

Tulikaa pale hadi jua likaanguka nyuma ya mtaa wa Mowlem. Hakuna kilichoshika. Wanawake wa kokoto walifunga mizigo yao, wakatuaga. Baba hakutaka kurudi mikono mitupu. Kila mara alisema, mara moja tu, nirushe mara moja tu.

Tulipofika nyumbani taa zilikuwa zimewashwa. Mama alikuwa ameomba nazi kwa Mama Halima, jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa Lamu, na Mama Halima hakumpa nazi tu bali alikuja mwenyewe kuikuna na kumfundisha Mama mchuzi unavyopikwa kwao. Mchuzi ulikuwa tayari, mweupe, mzito, una nyanya na ndimu, unangoja samaki. Mama aliangalia gunia tupu na gauni langu la matope, akarudi kufunika sufuria. Mama Halima akasema polepole, "Haya, bahati ya wiki ijayo," akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi akaenda.

Mwende alikuwa amelala. "Alingoja," Mama alisema. "Amelala sasa hivi tu." Tulikula wali na mchuzi usio na samaki. Nililaza kichwa changu karibu na chake usiku ule na nikalala usingizi mzuri kabisa. Nilijua kesho ataamka mzima.

Jumapili asubuhi hakuweza kukaa. Baba alimbeba hadi kwenye lori, wakaenda naye hospitalini, Mama amempakata. Mimi nilibaki kwa Mama Halima. Jumanne, tukiwa mapumziko ya saa nne, mwalimu wangu aliniita akanishika mkono akanitembeza hadi kwenye geti la shule, na nje ya geti alikuwa Baba, amekuja kwa miguu, hana lori. Nilipoona hana lori nilijua.

Tulimzika nyumbani Ukambani, karibu na kaburi la nyanya yangu. Nakumbuka vumbi jekundu likiingia viatuni, na Mama akiwa amevaa viatu visivyofanana bila mtu kumwambia. Watu wengi walinikumbatia. Nilikuwa nikitafuta kosa. Mtoto hakubali kwamba mpango wake haukuwa mpango. Kosa lazima liwe mahali, na nililipata kabla hatujarudi Nairobi: nilikuwa nimemwachilia samaki kwa uongo. Nilisema ameteleza. Sadaka haiendi na uongo, ndivyo tulivyofundishwa Jumapili. Basi mimi ndiye niliyeharibu. Na baadaye, nilipokua na kupata akili ya kukataa mambo ya samaki na sadaka, jambo la pili lilibaki, ambalo hakuna akili inayoliondoa: mdogo wangu aliomba kitu kimoja kabla ya kufa, nasi tulikuwa nacho mkononi, nami nikakiachilia.

Baba hakwenda tena machimboni. Simulizi za bahari ziliisha. Jina la Mwende lilitoka nyumbani mwetu polepole kama samani inayouzwa kipande kimoja kimoja. Hatukukubaliana tulikatae. Tuliogopa tu kuumizana.

Sasa wazazi wangu ni wazee na wanaishi nami. Baba haoni vizuri upande mmoja. Mama bado anashona kwa mkono, mapindo na vifungo vya watoto wangu. Siku ile mama wa beseni alipopita, jioni, Baba akiwa ameketi kwenye veranda, nilimvutia kiti nikamwambia. Nilimwambia yote: chewa, mimi kuzaliwa, midomo myekundu, jina nililonong'ona, mawe. Nilizungumza nikitazama miguu yake.

Aliivuta miguu yake chini ya kiti. Kisha akasema, "Sasa wewe ulidhani chewa ndiye aliyekuleta duniani?"

"Ndiyo, Baba."

"Alikuleta mkunga, mwanangu. Mkunga mmoja wa Kisauni, mkali kama pilipili."

"Sasa mbona ulikuwa unawaachilia? Wote?"

Akageuza kichwa anione kwa lile jicho zima. "Kambare wa machimbo ananuka tope. Mimi mtu wa bahari, ningeleta kitu kile mezani kwa mama yako?" Akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati. "Nilikuwa navua kwa sababu mikono yangu haikuwa na mahali pa kukaa. Basi. Hakuna lingine."

Nilibaki nikilitazama jambo hilo. Miaka yote ile, kitu nilichokibeba kilikuwa kimening'inia kwenye ladha ya tope.

"Na nilijua," akaongeza. "Siku ile. Mawe hayajiondoi yenyewe. Nilidhani umemhurumia samaki. Nikasema, nisimuulize, nikimuuliza nitampiga, na huyu ndiye nitakayebaki naye." Sauti yake ilishuka. "Kumbe nilikuachia ubebe haya peke yako."

Nilikuwa sijamsikia Mama. Alikuwa nyuma yetu, mlangoni, na shati la mwanangu mkononi na sindano imening'inia kwenye uzi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Mwende hakuwa anapenda samaki," akasema.

Tuligeuka wote wawili.

"Hakuwa anapenda. Hata omena alikuwa akizitema. Siku ile nilimuuliza, nikamwambia, mama, umeomba samaki, utamla kweli? Akaniambia hapana." Mama alizungumza kwa utulivu, kama anayesoma vipimo vya nguo. "Alisema, wakimpata ile kubwa kabisa hawatakuwa na kitu cha kutafuta tena huko. Watakuwa wanakaa hapa Jumamosi."

Baba alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Kila Jumamosi alikuwa akilala akiangalia ile njia," Mama akaendelea. "Siku ile aliniuliza mara ngapi, wamefika? Nikamwambia wako njiani. Akaniuliza tena."

"Kwa nini hukuniambia?" Baba akasema. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa huwezi kumtazama akipumua. Ulikuwa unatoka nje. Nikasema wacha aende na mtoto, apate hewa. Nitamwambia wiki ijayo." Alishika sindano ile akaichoma kwenye kola ya shati, mahali salama, isimdunge mtu. "Nilidhani kuna Jumamosi zingine."

Baba alinyanyua kiti chake kidogo, akakiburuta kwenye saruji hadi mlangoni alipokuwa Mama, akaketi mbele yake, akaegemeza kichwa kwenye sketi yake. Mama akaweka mkono kwenye mvi zake. Mimi nilibaki mahali nilipokuwa, mtu mzima mwenye watoto wawili wanaofanya homuweki chumba cha ndani, na kwa kuwa Mwende hakuwapo nimwambie yeye, nilimwambia Mama.

"Samahani," nikasema. "Tulichelewa."